Wasia na Mirathi katika Taita-Taveta

Wasia ni kauli ya mtu aliye hai, mwenye akili timamu na aliyekwisha kubaleghe kisheria, juu ya nani atakayemiliki mali yake na nani atakayewalea wanawe wadogo pindi atakapofariki. Na mirathi ni mali hiyo aliyoiacha marehemu, pamoja na hukumu za kuigawa. Katika Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta mambo haya yako chini ya mamlaka tatu ambazo aghalabu hukutana katika nyumba moja: ada za Wataita (yaani Wadawida, Wasagalla na Wakasighau) na za Wataveta, sharia ya Kiislamu, na sheria ya Jamhuri ya Kenya.

Kabla ya wamisionari kufika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, mzee wa milimani hakuwa na shamba moja pana, bali vishamba vilivyotawanyika, vingine juu kwenye ukungu na baridi, vingine chini karibu na nyika, ili mvua ikikosekana huku ipatikane kule. Na sehemu kubwa ya mgawanyo ilifanyika yeye mwenyewe akiwa hai, mwana alipooa na kuonyeshwa pa kulima. Lakini ardhi haikuwa yote. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu au mzazi huleta maradhi na mikosi, kwa hiyo iliwapasa wenye kinyongo wakutanishwe, na mwenye hasira achukue kinywani funda la pombe ya muwa au la maji, alipulize nje huku akitamka maneno ya kuitoa ghadhabu yake na kuwatakia wenziwe heri. Kitendo hicho huitwa kutasa, na mtaalamu Grace Harris alikieleza kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1978. Hata baada ya kifo mzee hakuachwa nje ya shauri la ukoo, kwani fuvu lake lilifukuliwa baadaye na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya wahenga wake, na mapango hayo yangali yakionekana milimani hadi leo. Kwa maoni ya mwandishi, ada ya kutasa ilikuwa nusu ya wasia iliyo bora zaidi, nayo ndiyo iliyosahauliwa upesi.

Mambo yaligeuka ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, hasa kwa sheria ya mwaka 1968 ya kuyakinisha haki za ardhi. Hati ilitolewa kwa jina la mtu mmoja, ilhali shamba lililimwa na nyumba nzima. Mtu huyo akafa, wanawe wakaendelea kulima kwa maelewano ya mdomo, nao wakafa, na leo wajukuu wanakaa juu ya ardhi ambayo katika daftari la serikali ingali mali ya babu. Hapana atakayeweza kuiuza, kuiwekea rehani wala kuigawa kihalali mpaka mirathi ya babu ifunguliwe mahakamani. Hali ni hiyo hiyo kwa hisa za ranchi za nyikani, ambazo wengi walizinunua zamani kwa fedha kidogo, na vyeti vyake vikabaki sandukuni.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inakubali wasia wa mdomo, mradi utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Lakini, isipokuwa kwa askari aliye vitani, wasia huo hubatilika ikiwa aliyeutamka hakufa ndani ya miezi mitatu. Hapa ndipo mahali penye hatari kubwa, kwa maana wazee wengi hukusanya watoto barazani, wakaonyesha mipaka kwa mkono, kisha wakaishi miaka kumi mingine kwa rehema ya Mungu, na kila mtoto akidhani neno la baba lingali limesimama, kumbe mahakama haitalitambua.

Wasia wa maandishi hauna muda wa kuisha, nao si mgumu kama watu wanavyoogopa. Karatasi ya kawaida yatosha. Mwenye wasia atie sahihi au alama ya kidole. Kila shahidi kati ya wawili amwone akitia, au aungamiwe naye kwamba sahihi ile ni yake, kisha naye aweke yake mbele ya mwenye wasia. Mashahidi wasiwe wenye kurithi, wala waume au wake zao, kwani zawadi ya shahidi wa namna hiyo hubatilika pasipokuwa na mashahidi wengine wawili. Itajwe pia nani atakuwa wasii, yaani mtekelezaji. Ndoa mpya huufuta wasia wa zamani, ila ule ulioandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Na mke au mtoto aliyesahauliwa bila riziki ya kutosha anaweza kuiomba mahakama impatie fungu.

Asiyeacha wasia, sheria ndiyo humgawia mali yake. Akiacha mke mmoja na watoto, mke hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake, kisha watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Wake wakiwa wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mke huhesabiwa pamoja nao. Zipo wilaya, kama Turkana, Wajir na Narok, ambazo mashamba na mifugo yake iliachiwa ada za kienyeji mtu akifa bila wasia. Taita-Taveta haimo miongoni mwazo. Kwa hiyo ndugu anayemwambia dada yake kwamba binti harithi ardhi ya baba hana msingi katika sheria hiyo, na ni dhuluma inayostahili kukomeshwa.

Waislamu, tangu marekebisho ya mwaka 1990, hufuata sharia yao, na Katiba ya 2010 inampa Kadhi uwezo wa kuhukumu pale wahusika wote wakiwa Waislamu na kuikubali mahakama yake. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni. Wasia hauzidi thuluthi, wala haumfikii mrithi ila kwa ridhaa ya wenziwe. Kisha hufuata mafungu: mke thumuni palipo na watoto, robo wasipokuwapo. Mume robo au nusu kwa hali hizo hizo. Na mwana wa kiume mafungu mawili kwa moja la binti.

Yapo ambayo karatasi haiwezi kuyaamua. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na kukataa tiba, basi ni vyema aseme mapema anachotaka. Juu ya maziko, kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga Mei 1987 baada ya mjane wake kushindwa na ukoo, iliwafunza Wakenya kwamba maiti si mali ya kuusiwa, na matakwa ya marehemu hayaifungi mahakama.

Aliye na hati yenye jina la marehemu na aanze sasa: achukue cheti cha kifo, apate barua ya chifu inayowataja warithi wote pasipo kumficha hata mmoja, kisha aende mahakama ya Voi, Wundanyi au Taveta. Tangazo hutolewa katika Gazeti rasmi na wenye pingamizi hupewa siku 30. Barua ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo ardhi igawanywe. Anayeigusa mali kabla ya hapo anaweza kutozwa hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.