Bibi Katika Daftari la Kampala

Mary Ainsworth alizaliwa mwaka 1913 Glendale, Ohio, karibu na Cincinnati, mji ambao familia zetu hupita zikitoka Louisville kwenda Columbus. Alikulia Toronto, ng'ambo ya mpaka kwa wenzetu wa Buffalo. Ni jirani yetu basi, lakini kazi iliyomjengea jina aliianzia Uganda.

Kabla ya hapo alikuwa London na John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mama. Siku hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwazuia wazazi kukaa na watoto waliolazwa. Mwenzao James Robertson alipiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na mwaka 1959 kamati ya serikali ikapendekeza milango ifunguliwe kwa wazazi. Utafiti ulibadili sera, na watoto wakafaidika.

Mwaka 1954 Ainsworth alimfuata mumewe Kampala, aliyepata kazi Makerere. Alikuwa amesikia kwamba Baganda wana desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, akataka kupima athari za kutengana huko. Alipofika vijijini alikuta familia nyingi zimeiacha desturi hiyo. Wengi wetu tungemwomba mwalimu mada nyingine. Yeye alibaki akiangalia. Alifuata familia 26 zenye watoto 28, akizitembelea kila wiki mbili kwa saa kama mbili, hadi miezi tisa, pamoja na mkalimani. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea kitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi, kisha akienda mbali zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1967 aliandika pia kwamba watoto waliwashikilia watu wengine wa nyumbani, si mama peke yake.

Baadaye, Baltimore, alichagua familia nyingine 26 na kuandaa jaribio linalojulikana zaidi: chumba kimoja, mama, mtoto na mgeni, kwa dakika kama 20. Chumba hicho ndicho kilichoenea duniani. Wanafunzi wa saikolojia wanakisoma, na lugha yake imeingia katika ustawi wa watoto na mahakama za familia. Kwa maoni yetu, kitu kilipotea njiani. Kule Buganda nyumba nzima ilionekana, lakini katika chumba cha Baltimore bibi hakuwekewa kiti.

Tunalisema hili kwa sababu wazazi wa wengi wetu walitoka Kongo, na baadhi walipitia Uganda, kambi ya Nakivale na nyinginezo. Huko bibi, au koko kama baadhi yetu tunavyomwita, ndiye aliyetubeba mgongoni wazazi wakitafuta riziki. Kwa sheria ya Marekani, mkimbizi aliyefika anaweza kuomba aletewe mke au mume, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Bibi hayumo. Kwa hiyo wapo miongoni mwetu waliotenganishwa na mlezi wao wa kwanza wakiwa na miaka minne au mitano, jambo lile lile ambalo Ainsworth alikwenda kulichunguza, na hakuna mhudumu aliyewauliza habari zake.

Mara moja suala hili lilifika mahakamani. Juni 2017 Mahakama ya Juu iliruhusu sehemu ya marufuku ya kuingia nchini kwa watu wa nchi sita, Somalia ikiwemo, ila wenye uhusiano wa karibu na mtu aliye Marekani wasizuiwe. Serikali ikasema bibi na babu si uhusiano wa karibu. Columbus, yenye Wasomali wengi, hilo halikuwa jambo dogo. Mwezi uliofuata Jaji Derrick Watson wa Hawaii aliamuru wahesabiwe. Amri yake ilihusu marufuku ile tu. Fomu ya mkimbizi ya kuwaita jamaa bado ina nafasi ya mke, mume na watoto.