Lubumbashi 1990: wafu ambao hawakuhesabiwa

Wapendwa, hasa wadogo wetu wanaoanza L1, historia hii haisemwi sana mu auditoire. Ngoja niiseme kwa kifupi.

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Ku kampusi ya Lubumbashi, wanafunzi wakaanza kusema wazi. Wengine wakakamata wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, wakawapiga. Hiyo nayo haikuwa haki. Lakini usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa, watu wenye silaha wakaingia mu homu na kushambulia wanafunzi mu giza.

Walikufa wangapi? Serikali ilisema mmoja tu. Wengine wakasema makumi, wengine zaidi ya mia. Ubelgiji iliomba uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano wa nchi hizo mbili ukavunjika. Gavana wa Shaba alihukumiwa kweli, lakini hesabu ya wafu inabishaniwa hadi leo. Kuko wazazi waliobaki bila kaburi na bila karatasi.

Mwaka huohuo, Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha vyuo vitangaze uhalifu wao. Ilitokana na Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa mu chumba chake ku chuo cha Lehigh mwaka 1986. Wazazi wake ndio walioipigania. Leo kila chuo kinachopokea pesa za serikali kule kinatoa ripoti kila mwaka, na kinaonya wanafunzi haraka kukiwa hatari.

Mimi nilisoma agronomia. Ku shamba, ukificha mihogo iliyokauka ili mavuno yaonekane mazuri, ugonjwa hauishi, unaenea tu. Chuo ni vilevile. Kinachoogopa kuharibu jina kinanyamaza, na mwanafunzi wa kesho anapita njia ileile usiku.

Kwetu Goma hatuwezi kungoja sheria. Komite ya wanafunzi inaweza kuanza na daftari moja: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani alijulishwa. Jina la aliyeumizwa lisiandikwe, juu ya usalama wake. Kila mwisho wa mwezi, hesabu ibandikwe ku valve, pale tunaposomea pointi.

Swali langu kwenu: ku kampusi yako, hilo daftari liko? Nani analishika?