Muhula wa Mahabusu: Brook House na Hesabu ya Siku

Mwizi aliyehukumiwa miaka miwili huijua siku yake ya kutoka tangu usiku wa kwanza. Lakini mgeni aliyekamatwa Uingereza kwa kukosa vibali, ambaye aghalabu hana hukumu yoyote ya jinai juu yake, au anayo naye ameshaitumikia, hulala asijue kama atatoka kesho au mwakani, kwa kuwa sheria ya nchi ile haikuweka kikomo cha kumzuia mtu mzima, ila mwanamke mjamzito, kwa sababu ya uhamiaji. Nadai hapa kwamba dhuluma zilizothibitika katika kizuizi cha Brook House zilistawi kwa sababu ya kukosekana muhula huo, na kwamba tukizihesabu kuwa ni tabia mbaya za walinzi tu, tutakuwa tumepogoa majani na shina tumeliacha.

Brook House ilifunguliwa mwaka 2009 kando ya uwanja wa ndege wa Gatwick, ikajengwa kwa kielelezo cha gereza la ulinzi mkali, ingawa makusudio yalikuwa mtu asikae humo zaidi ya saa 72. Madirisha hayafunguki. Mwaka 2017, kampuni ya G4S ilipokuwa ikiiendesha, wazuiliwa walikuwa wakifungiwa vyumbani tangu saa 3 usiku hata saa 2 asubuhi, choo kikiwa mumo humo nyuma ya pazia, na baadhi ya vyumba vya watu wawili vikatiwa kitanda cha tatu. Anayeuliza hadhi ya binadamu ni nini, na amfikirie mtu mzima anayekidhi haja yake usiku ilhali wenzake wawili wamelala hatua mbili tu kutoka alipo.

Mlinzi mmoja kijana alificha kamera mwilini, na BBC ikazionyesha picha zake mwezi Septemba mwaka huo. Katika tukio moja la Aprili, mlinzi alimkaba shingo mtu aliyekuwa akijaribu kujidhuru, wenzake wakiwapo na muuguzi akiwapo, wala matumizi hayo ya nguvu hayakuandikwa katika kumbukumbu. Kimya hicho chanitisha kuliko mkono wenyewe. Tume ya uchunguzi ya Kate Eves, iliyotoa ripoti Septemba 2023, iliona kwamba katika muda wa miezi mitano ya mwaka 2017 yalikuwapo matukio 19 yanayoweza kuwa ukiukaji wa katazo la mateso na la kumtendea mtu yasiyo ya utu.

Kanuni za vizuizi za mwaka 2001 zinamwajibisha daktari kumwarifu meneja wa kizuizi, naye meneja aiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani, juu ya kila mzuiliwa ambaye afya yake itadhurika kwa kuzuiliwa, au anayeshukiwa kutaka kujiua, au aliyepata kuteswa. Pasipo muhula, taarifa hiyo ni miongoni mwa milango michache iliyosalia. Walakini katika miezi ile mitano haikuandikwa hata taarifa moja ya shaka ya kujiua, ingawa wako waliokuwa wakilindwa usiku na mchana wasijidhuru.

Husemwa kwamba kikomo kitampa mkaidi nafasi ya kuchelewesha mambo mpaka siku zimwishie. Hata hivyo Afrika ya Kusini imekiweka, siku 120 kwa jumla, na mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ikaamuru kwamba mzuiliwa afikishwe mwenyewe mbele ya hakimu katika saa 48. Nakiri kwamba kikomo peke yake hakitoshi: mwaka 2014 ilithibitika mahakamani kwamba katika kizuizi cha Lindela watu walikuwa wakizuiliwa kupita siku hizo. Lakini ilithibitika kwa sababu siku zilikuwa na hesabu. Wakili aliweza kunyoosha kidole kwenye siku ya 121 na kuuliza ni nani aliyeidhinisha.

Kate Eves alipendekeza siku 28. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na anayelala Brook House usiku huu, akimwuliza mlinzi atatoka lini, mlinzi naye hana tarehe ya kumtajia.