Barabara za Chai na Ufufuaji wa Magari ya Safari

Historia ya kufufua magari ya michezo ya kale nchini Kenya huelezwa kwa kawaida kuanzia Nairobi, kwenye gereji za eneo la viwanda na kwenye maonyesho ya magari yaliyong'arishwa, lakini mizizi ya ufundi wenyewe imo zaidi katika sehemu za mashambani zilizokuwa na barabara mbaya na kazi isiyoweza kusubiri. Miongoni mwa sehemu hizo, nchi ya chai ya Kericho na Bomet ina nafasi ya pekee. Gari la michezo, kwa maana inayotumika hapa, ni gari jepesi la milango miwili, lililokaa chini karibu na ardhi, na lenye injini ya nguvu kupita mahitaji ya safari za kawaida; na kulifufua ni kulivua kila kitu hadi ibaki bodi tupu, kuondoa kutu, kutafuta au kuunda vipuri vilivyokosekana, kisha kulirudisha barabarani likiwa na uwezo wa kufanya kazi ambayo liliundwa kuifanya. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mkubwa zaidi Kenya, kwa sababu magari ya kale yanayothaminiwa sana nchini ni yale yaliyokimbia, au yaliyofanana na yale yaliyokimbia, katika mashindano ya magari ya Safari.

Boito, mojawapo ya sehemu hizo za chai, ni wadi ya eneo bunge la Konoin katika Kaunti ya Bomet, kwenye nyanda za juu zinazopakana upande wa mashariki na msitu wa Mau. Barabara kuu inayotoka Kericho kwenda Sotik na Kisii hupita Litein na Kapkatet, na kutoka hapo njia ndogo huingia ndani kupanda na kushuka vilima vya majani chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, huku wakulima Waafrika wakizuiwa kulima zao hilo hadi miaka ya 1950. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali iliunda Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, iliyojulikana kama KTDA, ili kuwahudumia wakulima wadogo. Majani mabichi yakikaa muda mrefu ndani ya gunia hupata joto, huanza kuwa mekundu na kupoteza ubora, kwa hiyo ni lazima yafike kiwandani siku ileile yaliyochumwa, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo sababu barabara za chai zilihesabiwa kuwa sehemu ya kiwanda chenyewe, hata Benki ya Dunia ikakopesha fedha za kuzijenga katika miaka ya 1960.

Udongo wa huko ni mwekundu, wenye asili ya volkano, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Ukilowa huwa utelezi mtupu, na ukikauka hubaki na makorongo yaliyochimbwa na magurudumu ya malori. Lori lililovunjika springi kwenye mteremko wa Boito au Mogogosiek halikuweza kungoja kipuri kutoka Mombasa wakati majani ya wanakijiji yakiharibika kwenye kituo cha kununulia. Fundi alilazimika kuchomelea, kukereza, kukunja na kubuni palepale. Mashamba makubwa yalikuwa na karakana zao zenye mashine za kukereza vyuma na mitambo ya kuchomelea, na vijana wengi walioingia humo kama wapitisha spana walitoka wakiwa mafundi kamili. Katika mji wa Kericho kulikuwa pia na mafundi Kalasinga waliotoka Punjab, na karakana yao iliyojulikana sana iliitwa Kericho Wagon Works, ambayo jina lake linahusishwa na Puran Singh, kiongozi wa kidini anayekumbukwa na hekalu kubwa la Kalasinga lililopo mjini humo hadi leo.

Ni katika mazingira hayo kwamba Joginder Singh alizaliwa, mjini Kericho, mwaka 1932. Alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva, na jambo hilo linaeleza ushindi wake vizuri zaidi kuliko sifa zote za ujasiri alizomiminiwa na magazeti. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia, ikachakaa, kisha ikanunuliwa na kutengenezwa upya na ndugu hao. Ushindi mkubwa kabisa wa mwana wa Kericho, kwa maneno mengine, ulipatikana kwa gari lililofufuliwa. Baadaye alishinda tena mara mbili kwa Mitsubishi Lancer, mwaka 1974 na 1976, na ule wa 1974 ulipatikana huku gari la michezo hasa, Porsche 911 Carrera RS la Björn Waldegård, likimaliza nyuma yake katika nafasi ya pili.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalimalizwa na magari 7 tu kati ya 84, na mwaka 1968 vilevile 7 kati ya 93. Pale njia ilipoelekea magharibi kupitia Kericho, tope lilikuwa adui wa kwanza, na baadhi ya magari yaliwekewa vikanyagio na vishikio nyuma ili msoma ramani asimame juu yake na kuongeza uzito kwenye magurudumu yanayosukuma. Watu wa vijijini walijipanga kando ya njia, wakasukuma, wakavuta kwa kamba, na wakajifunza kutambua gari kwa sauti ya injini kabla halijaonekana.

Gari lililobadilisha mawazo ya wengi kuhusu gari la michezo ni Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, Shekhar Mehta akafuata katika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 Mehta, aliyezaliwa Kampala, akashinda yeye mwenyewe baada ya kulingana alama na Harry Källström. Lile la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Yaliyobaki Afrika Mashariki, yawe ya mashindano au ya matumizi ya kawaida, yaliendelea kutumika hadi yakachoka, na hapo ndipo kazi ya mfufuaji huanzia.

Bodi ya 240Z haikuwekwa juu ya chasisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, maana yake mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa ndiyo yanayobeba injini, springi na abiria. Kutu huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya mihimili iliyo chini ya milango, chini ya betri ambako asidi hudondoka, kwenye sakafu, na kwenye matao ya magurudumu ambako tope jekundu hukaa na unyevu kwa wiki nzima. Fundi wa bodi hugonga kwa ncha ya bisibisi na kusikiliza, kwa kuwa bati zima hulia kwa sauti kali na bati lililoliwa hulia kwa sauti iliyozibwa. Akipata lililoliwa hulikata hadi afikie chuma kizuri, hupima, hukunja bati jipya kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kisha hulichomelea kwa vituo vifupi vifupi ili joto lisilipinde. Kabla ya kukata chochote lazima afunge mihimili ya muda katikati ya milango, la sivyo gari hulegea katikati na milango haitafunga tena. Fundi anayeficha shimo kwa puti na rangi huuza uzuri wa miezi michache.

Lipo suala ambalo wafufuaji hawakubaliani. Gari lililokimbia Safari lina alama zake: matundu ya taa za ziada yaliyozibwa, vipande vya chuma vilivyoongezwa kwenye viungo vya springi, kovu la kuchomelewa usiku kando ya njia. Wapo wanaoondoa yote hayo ili gari lirudi lilivyotoka kiwandani, na maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa Nairobi na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu miaka ya 1970, hutoa alama kwa usafi na ukamilifu hata chini ya gari. Hata hivyo, kovu la kuchomelea lililofanywa na fundi wa Kericho au Nakuru ni ushahidi wa historia kama ulivyo waraka, tena mara nyingi ni ushahidi pekee wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kulisaga kwa ajili ya ulaini wa rangi ni kufuta sehemu ya kumbukumbu ya nchi, na ni vyema libaki popote linapoweza kubaki bila kuhatarisha usalama.

Injini ya 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimeta za ujazo 2,393, na kabureta mbili, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko kuingia kwenye silinda. Kabureta hizo ni lazima zivute sawa. Fundi hushika mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa moja kisha wa pili, akigeuza skrubu hadi mivumo ifanane. Katika nyanda za chai kazi hiyo ina ugumu wake, kwa sababu kwenye kimo cha mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na injini iliyorekebishwa pwani huzidiwa na petroli, hutoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Waliotayarisha magari ya Safari walijua kwamba njia ilishuka hadi usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, hivyo walichagua marekebisho ya kati yasiyoua nguvu mahali popote. Elimu hiyo haikupatikana katika kitabu cha mtengenezaji.

Safari ilipoondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, magari ya zamani yalipata uwanja wao wenyewe. Desemba 2003, kutimiza miaka 50, yalifanyika mashindano ya kwanza ya East African Safari Classic, ambayo tangu hapo yameegemea zaidi pwani, Taita na kaskazini mwa Tanzania kuliko nchi ya chai. Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977 kwa Ford Escort, alishinda Classic mwaka 2007 kwa Escort, akiwa na mwanawe Mathias kama msoma ramani, na tena mwaka 2011 kwa Porsche 911. Magari mengi ya washindani wa kigeni hutengenezwa Ulaya na kuletwa kwa meli. Mkenya wa kawaida hana njia hiyo, kwa kuwa sheria huzuia kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 kwa matumizi ya barabarani, na hivyo hutegemea yale yaliyokwisha kuwapo nchini: bodi iliyosahauliwa nyuma ya ghala la shamba, au giaboksi iliyowahi kuuzwa kama chuma chakavu.

Gari likikamilika hurudi mbele ya sheria kabla ya kurudi barabarani. Namba ya chasisi na ya injini lazima zilingane na logbuku, yaani hati ya umiliki, na injini ikiwa imebadilishwa mabadiliko hayo husajiliwa. Kisha gari hukaguliwa breki, taa na usukani. Baada ya hapo injini mpya huzoezwa kwa mwendo wa wastani ili ringi za pistoni zikae vizuri kwenye silinda, na barabara za changarawe za Konoin, zenye vilima vifupi na kona nyingi, hufaa kwa kazi hiyo kuliko lami iliyonyooka, kwa sababu injini hupanda na kushuka mzigo bila kukaa kwenye kasi moja. Baada ya kilomita mia chache gari huingizwa tena gereji, oili humwagwa na kukaguliwa kama ina chembe za chuma, vali hupimwa upya, na kila nati ya springi, difu na usukani hukazwa mara ya pili, kwa kuwa bushi mpya zimekwisha kukaa mahali pake.