Mtoro ni Nani?

Siku ile tunaandikishwa hapa Koboko, karani alimuuliza mama: "Mume wako yuko wapi?" Mama akakaa kimya kwanza. Baba alikuwa askari wa Mobutu. Mwaka 1997 jeshi lile liliposambaratika, alivua magwanda akaenda zake, ila nyumbani hakufika. Baadaye watu wakasema wamemwona mahali, ana mke mwingine. "Andika tu: hayupo," mama akajibu.

Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili. Askari hutoroka, mume humtelekeza mke, mzazi hutupa watoto. Na neno mtoro ni la zamani: kule pwani, enzi za utumwa, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwa bwana, huyo ni mkosaji. Kwake mwenyewe, anajiokoa. Basi ukisikia mtu anaitwa mtoro, uliza kwanza: nani anayemwita hivyo?

Chukua mababu wa Wanubi. Walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyekaa Wadelai kando ya Nile, humu humu West Nile. Yeye aliondoka, wengi wao wakabaki. Mwaka 1891 Lugard akawachukua karibu na Ziwa Albert, pamoja na wake na watoto wao, wawe askari wa Waingereza Uganda. Mwaka 1897 wakaamriwa wafuate msafara wa Meja Macdonald. Wakaasi. Malalamiko yao yanajulikana: mshahara mdogo na unachelewa, safari haziishi, na sasa waache wake zao nyuma. Waingereza waliona uasi tu. Lakini angalia: sehemu ya kosa lao ni kwamba walikataa kuacha familia.

Sasa 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na askari wengi wa Amin wakakimbilia huku kaskazini. Mwanzoni mwa Juni Watanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Waliokimbia walivuka na jamaa zao, wengine Sudan, wengine kwetu Zaire, upande wa Aru na Ariwara. Oktoba 1980 baadhi ya askari hao wakarudi na bunduki, wakashika Koboko na Arua. Jeshi la serikali likaja kulipiza, na walioumia zaidi ni raia. Watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Tarehe 24 Juni 1981, pale misheni ya Ombaci katika Ayivu, wanajeshi hao waliwaua watu karibu 100 waliokuwa wamejificha.

Hapo ndipo ninapokwama. Askari mmoja akiacha jeshi, sheria ina jina lake na adhabu yake. Jeshi zima likiwageuka watu lililopaswa kuwalinda, linaitwaje?

Sisemi haya ili kumtetea baba. Wanubi walivunja amri, na wake zao walikuwa sababu mojawapo. Wa 1979 wengi walikimbia wakiwa wameshika watoto mkono. Kukimbia jeshi la Mobutu mimi simlaumu, lilikuwa limekwisha. Lakini kutoka kule njia zilikuwa mbili, na moja ilikuja nyumbani.

Jeshi lile halipo tena, halina wa kumdai. Sisi tupo.