Vakanse ya Familia Katika Miji ya Shaba: Ni Nani Atakayetuongoza?



Mwezi wa 7 unakaribia. Masomo yatafungwa, na watoto watakaa nyumbani mpaka mwanzo wa mwezi wa 9. Leo tunapenda kuzungumuza juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Kolwezi hatuna desturi yake: familia kufunga safari pamoja, baba, mama na watoto, kwa kutembelea miji ya zamani, wakiwa na mutu wa kuwaongoza na kuwaelezea mambo yaliyotokea pale.

Huko Ulaya watu wanafanya hivyo kila mwaka. Katika inchi ya Ujerumani kuko muji mumoja wa zamani unaoitwa Goslar, chini ya mulima wa Rammelsberg. Ndani ya mulima ule watu walichimba shaba, feza, risasi na zinki kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka shimo lilipofungwa mwaka wa 1988. Mwaka wa 1992, UNESCO iliandika shimo lile pamoja na muji wa Goslar katika orodha ya urizi wa dunia. Leo familia zinaingia mule zikiongozwa, kama vile sisi tungeingia Kamoto. Wanaona magurudumu makubwa yaliyozungushwa na maji. Lakini habari ya shimo lile iko pia na sehemu ya uchungu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, watu walitolewa kwa nguvu katika inchi zingine na kufanyishwa kazi mule. Muji unaotaka kujua maisha yake unapashwa kubeba sehemu zote mbili.

Wapendwa, sisi pia tuko na mulima wetu wa shaba na miji yetu. Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometre karibu 300, na njiani kila kituo kina habari yake. Zamani za Wabeljiji, ofisi yao ya utalii ilichapisha kitabu cha kumuongoza musafiri katika Congo. Lakini kitabu kile kilikuwa cha mugeni mwenye gari na feza. Mutoto wa mufanyakazi, aliyekaa katika kambi ya kampani, hakuna aliyemuongoza. Kwa hiyo wengi wetu tulikomaa tukifikiri kwamba kila kitu hapa kilianza na kampani.

Tuanze safari hapa kwetu. Kolwezi, kama muji, ilianzishwa mwaka wa 1937, wakati Union Minière ilipotaka makao kwa mashimo yake ya upande wa mangaribi. Hiyo ni kweli, lakini shaba haikungojea mwaka wa 1937. Karne nyingi mbele ya Wazungu, watu wa Katanga walikuwa wakichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi. Waliyayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu na kumwanga shaba kwa mufano wa musalaba. Misalaba ile ilikuwa feza ya biashara na mali ya kuolea. Watu wa zamani za kale wanaopatikana katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, walizikwa pamoja na misalaba ya shaba. Mutoto wa Kolwezi akijua hilo tu, hatasema tena kwamba babu zake hawakujua kitu.

Tukiwa bado Kolwezi, tuwaelezee pia mwezi wa 5 wa mwaka wa 1978. Tarehe 13 waasi waliotoka Angola waliingia katika muji, na tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka kutoka angani kwa parashuti. Katika siku zile mamia ya watu walikufa, weusi na Wazungu. Mambo mengi yaliyochapishwa Ulaya yanaongea sana juu ya Wazungu waliokufa. Majina ya watu wa cité yamebaki katika vinywa vya wazee tu.

Kituo cha pili ni Tenke. Wengi wanapita pale bila kuangalia. Mwaka wa 1931 reli iliyotoka bandari ya Lobito, katika Angola, iliungana pale na reli ya Katanga, na shaba yetu ikapata njia fupi ya kufika bahari ya Atlantiki. Leo wakubwa wa dunia wanaongea tena juu ya njia ya Lobito kama kitu kipya. Mutoto aliyesimama Tenke na kuelezewa atajua kwamba inchi yake iliongelewa vile hata mbele ya kuzaliwa kwa babu yake, na atauliza vizuri: reli hii itabeba nini, na italeta nini?

Kisha, kaskazini ya Likasi, iko Bunkeya, makao ya mufalme Msiri. Alitoka kwa Wanyamwezi, katika inchi inayoitwa leo Tanzania, na akajenga ufalme wa Garenganze. Wafanya biashara walifika kwake kutoka pande mbili, bahari ya Benguela na bahari ya Zanzibar. Kiswahili tunachosema leo, misafara ile ni kati ya njia zilizokileta huku. Lakini muongozi asifiche: Bunkeya waliuza shaba na pembe, na waliuza watu pia. Mwezi wa 2 mwaka wa 1886, Frederick Stanley Arnot, kijana wa Scotland, alifika pale na Habari Njema, na Msiri akamupokea. Tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka wa 1891, watu wa musafara wa kapiteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mufalme Léopold wa Pili, walimupiga Msiri risasi kwa sababu hakukubali kuwekwa chini ya Léopold. Afisa aliyemupiga, Omer Bodson, alikufa siku ile ile. Hivyo ndivyo Katanga ilivyoingia katika mikono ya Léopold.

Tukifika Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa Wabeljiji, kuko mambo mawili ya kusema. La kwanza ni Shinkolobwe, shimo lililo karibu na muji. Uranium iliyotoka pale ilipelekwa Amerika, na sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa kutengeneza bomu la Hiroshima, tarehe 6 ya mwezi wa 8 mwaka wa 1945, ilitoka kwetu. Wachimbaji wa pale hawakuambiwa wanachimba kwa kazi gani.

La pili ni gare ya Likasi. Hapa tunaomba wazazi wasimame, hata kama ni kuzito. Katika miaka ya 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi kwanza, kisha hapa Kolwezi. Wengi wao walizaliwa hapa. Babu zao waliletwa na Union Minière kwa kazi, sawa na wengine walioletwa kutoka Rwanda na Rhodesia. Familia zilijaa katika magare, zikilala inje miezi na miezi kwa kungojea treni. Watoto na wazee walikufa pale kwa magonjwa na njaa, na wengine walikufa ndani ya mabehewa.

Hakuna Muzungu aliyefanya hilo. Lilifanyika kati yetu, na kati ya waliofukuza na waliofukuzwa kulikuwa watu waliokaa kwenye benchi moja ya kanisa. Leo waliorudi na waliobaki wanakaa tena kwenye benchi moja, na watoto wao hawajui kwa sababu gani wazazi wanasalimiana kwa baridi. Tukiongoza watoto toka Kolwezi mpaka Lubumbashi tukiwaonyesha tu uovu wa wageni, tumewadanganya. Na mutoto aliyedanganywa juu ya gare ya Likasi, siku moja mutu wa siasa atamuita, naye atakimbia kufukuza jirani, akifikiri ni jambo jipya.

Mwisho wa safari ni Lubumbashi. Reli kutoka kusini ilifika pale mwaka wa 1910, muji ukaanzishwa kwa jina la Elisabethville, na mwaka wa 1911 tanuru ya Union Minière ilitoa shaba ya kwanza. Onyesheni watoto bomba kubwa la moshi na mulima mweusi wa takataka za shaba. Kisha waelezeeni tarehe 9 ya mwezi wa 12 mwaka wa 1941. Wafanyakazi weusi walikuwa wamegoma wakiomba nyongeza ya mushahara. Walikusanyika katika uwanja wa mupira, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kampani iliyotoa posho, masomo na hospitali ndiyo kampani iliyowanyima mushahara wa haki. Yote mawili ni kweli.

Sasa, ni nani atakayetuongoza? Hatuna ofisi ya utalii katika kila muji, na feza ni kidogo. Lakini waongozi tuko nao. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika ule mupango walioita wa kuondoka kwa hiari. Wale walio hai wanakaa katika kartiye zetu: Luilu, Kapata, Musonoi. Wanajua kila shimo, kila gare, kila jina. Tunawapita kila asubui, na kila mwaka tunawazika. Mahali penyewe pia panapotea. Katika kartiye ya Kasulo watu walichimba cobalt chini ya nyumba zao wenyewe, na mwaka wa 2017 sehemu ya kartiye ilizungushiwa ukuta na wenye nyumba wakahamishwa. Mutoto wa pale hawezi tena kuonyesha mahali alipozaliwa.

Tunashauri hivi. Familia mbili ao tatu ziungane, zichange feza ya bisi, zitafute muzee mumoja wa kazi ya zamani, na zimulipie kiti cha mbele. Asiye na feza ya Lubumbashi, aende na watoto mpaka Musonoi kwa miguu. Kijana mumoja abebe daftari na kuandika majina. Na mukifika kwenye gare, familia ya Katanga na familia ya Kasai ziwe pamoja, muzee wa kila upande aseme aliyoyaona, na watoto wasikilize wote wawili mpaka mwisho.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliambiwa kutoa mawe kumi na mawili katika Yordani na kuyasimamisha, kusudi watoto wakiuliza maana yake wazazi wawe na jibu. Jiwe halisemi peke yake. Sisi wa Lualaba tuko na mawe kuliko watu wengi wa dunia, na watoto wetu wameanza kuuliza. Tusinyamaze.

Bwana awabariki na awape vakanse njema.