Barafu ya Chacaltaya

Karibu na jiji la La Paz, nchini Bolivia, uko mlima uitwao Chacaltaya, wenye kimo cha mita 5,421. Chama cha wapanda milima kilichoundwa mwaka 1939 kilijenga huko nyumba ya mapumziko, kikafunga injini ya gari izungushe kamba ya kuwavuta watu hadi juu. Kutoka hapo waliteleza kwa mbao miguuni juu ya barafu ya maelfu ya miaka. Hewa ilikuwa haba, lakini wageni walipenda kusema wamecheza mahali palipo juu kuliko pote duniani.

Wataalamu walioipima barafu hiyo tangu miaka ya 1990 walionya kwamba ingetoweka kufikia 2015. Haikungoja. Ilikwisha mwaka 2009. Nyumba ikabaki ikitazama mawe.

Habari hii hunichoma. Chuoni niliwafundisha walimu watarajiwa kwamba theluji ya Kibo haiyeyuki kamwe, nao wakawafundisha watoto. Kumbe tangu mwaka 1912 Kibo kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Daftari zile siwezi tena kuzisahihisha.